Kalamu, Karamu na Mwalimu Wafula

Siku yangu ya kwanza kama mshauri wa walimu, walimu walinikimbia. Nawaandikia nyinyi mliochukua vituo vyetu sasa, mlio na simu mfukoni na pikipiki zisizozimika kwenye matope, mjue kwamba hata sisi tulianza kwa kukimbiwa. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa kiasi gani, maana hayo hayamfundishi mtu chochote, na mengine yanatia aibu. Nitawaeleza habari za Madam Nanjala, aliyenifundisha kazi, na za Mwalimu Wafula, ambaye nusura tumpoteze.

Kazi yenyewe ilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo walimu wa Trans-Nzoia walilikata wakabakisha "tiuta". Tiuta alikuwa mwalimu aliyetolewa darasani akapewa kituo cha walimu, yaani chumba kimoja chenye meza, kabati la vitabu na mashine ya kurudufu iliyomwaga wino kila mahali isipokuwa kwenye karatasi. Kisha alipewa shule za eneo zima azitembelee. Hakukagua mtu. Aliketi na mwalimu, akamsaidia kufundisha vizuri zaidi, akamsikiliza anapolemewa. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa ofisini. Lakini mwalimu wa kijijini akiona pikipiki ya kazi inaingia langoni hangoji kujua kama aliyeipanda ni mkaguzi au mshauri.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kwanza, na msicheke, maana hilo nimelieleza mpaka nimechoka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Madam Nanjala, tiuta mkongwe wa Kitale, alitumwa anionyeshe njia. Alikuwa mama mnene mwenye gambuti nyeusi na leso kiunoni, na ndiye aliyeendesha. Mimi nilikaa nyuma nimekumbatia faili jipya kama mtoto mchanga. Tulipofika shuleni tulikuta chumba cha walimu hakina mtu. Vikombe vya chai vilikuwa mezani, bado vinatoa mvuke, na dirisha la upande wa shamba la mahindi makavu lilikuwa wazi.

"Tuwafuate, Madam?" nikauliza.

"Uwafuate wapi, kwa mahindi?" Alivuta kiti, akachukua kikombe kilichokuwa karibu naye, akanywa. "Keti, Wanjiru. Kunywa chai. Mwenye kikombe atarudi."

Nikaketi, nikanywa chai ya mtu nisiyemjua. Baada ya muda mlango ulifunguliwa taratibu, akaingia kijana mrefu mwenye jani kavu la mahindi begani. Alitutazama, akatazama kikombe kilichokuwa mkononi mwa Madam Nanjala.

"Samahani, Madam. Hiyo ni chai yangu."

"Tunajua. Ndiyo tunakungojea," Madam Nanjala akamjibu. "Lakini sukari mliweka kidogo sana, bana."

Yule kijana akacheka, akavuta kiti. Huyo ndiye aliyekuwa Mwalimu Wafula. Wengine walirudi mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa wameenda kutazama kama mvua itanyesha. Ilikuwa Januari, na kwetu Januari hata wingu huonekana kwa bahati. Madam Nanjala aliwaambia wingu la upande wa Mlima Elgon ni zuri, akawapisha wakae.

Sasa niwaeleze jinsi mama huyo alivyofanya kazi, maana sijaona mwingine wa aina yake. Wengine wetu tuliingia darasani tukakaa nyuma, tukaandika makosa ya mwalimu, kisha tukamwita nje tukamsomea. Madam Nanjala alianza kwa kuharibu yeye. Alimwambia mwalimu, "Leo nafundisha mimi. Wewe keti na watoto, uangalie penye nitaharibu." Na hakuchagua somo alilolijua. Alichagua lile lililomshinda, nalo lilikuwa muziki. Sauti yake ya kuimba ilikuwa kama ya mlango usiotiwa mafuta tangu ujengwe. Aliimba mbele ya darasa zima, watoto wakacheka, mwalimu akacheka, naye akafundisha mpaka kengele ikalia. Baadaye aliketi na yule mwalimu akamwuliza, "Haya, niambie. Niliharibu wapi?" Mwalimu akamweleza. Akimaliza kueleza ya Madam Nanjala, mdomo ukiwa umeshazoea kusema ukweli, alianza kueleza yake mwenyewe. Niliona jambo hilo likitokea mara nyingi na kila mara nilishangaa.

Mwalimu Wafula hakuhitaji sana msaada wetu wakati huo. Alitoka upande wa Ndalu, na alifundisha darasa la nne kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Darasa la nne ni gumu. Mtoto ameshajua kwamba mwalimu si Mungu, lakini bado hajajua kuogopa mtihani. Tena hapo ndipo mtoto anapoachana na penseli akaanza kuandika kwa wino, na shule nyingi hazilifanyi hilo kuwa jambo. Mtoto anaambiwa anunue kalamu, basi. Kwa Wafula kulikuwa na siku maalumu, Siku ya Kalamu. Kila mtoto alipita mbele, akaandika jina lake kwenye karatasi moja kubwa ya manila iliyobandikwa ukutani, kwa wino, mara moja, bila kufuta. Akimaliza, Wafula alimpa mkono na kumwambia, "Sasa umekuwa mtu wa kuandika." Nilihudhuria mwaka wangu wa kwanza. Kuna msichana mdogo aliyekosea herufi ya jina lake akataka kulia. Wafula alitazama lile doa, akamwambia hata yeye jina lake kwenye kitambulisho limekosewa na bado analipwa. Nilitoka pale nikiwaza kwamba faili langu halina nafasi ya kuandika jambo kama hilo.

Halafu ukaja mwaka ambao elimu ya msingi ilifanywa ya bure. Tulifurahi, na bado nafurahi. Lakini furaha ile iliingia darasani kwa mlango mmoja na walimu wakabaki ni wale wale. Darasa la Wafula lilijaa mpaka likakaribia watoto mia. Walikaa sakafuni, dirishani, wengine kwenye kizingiti. Kulikuwa na vijana wenye ndevu waliorudi shule baada ya miaka mingi ya kuchunga ng'ombe, wamekaa na watoto waliofika kiunoni mwao. Walimu walianza kukonda. Walimu wa kike walilia kituoni kwetu, mlango ukifungwa. Wa kiume hawakulia.

Ndipo Madam Nanjala alipoanzisha chai ya Ijumaa. Walimu walikuja kituoni baada ya masomo, wakapewa chai na viazi vitamu, na sharti lilikuwa moja tu: mpaka kikombe cha kwanza kiishe, marufuku kutaja alama, silabasi wala mwalimu mkuu. Mtu aliulizwa amelala aje, mama yake anaendeleaje, kama ng'ombe amezaa. Wakubwa fulani waliona ni kupoteza viazi. Lakini mimi nilijifunza pale kitu ambacho sikukipata kwenye semina yoyote. Mwanamume wa huku hasemi amevunjika moyo. Anasema mgongo unamuuma. Madam Nanjala akisikia "mgongo" alikuwa akivuta kiti chake karibu, akamwongezea mtu huyo chai, akanyamaza. Alijua kunyamaza kuliko mtu yeyote niliyefanya kazi naye.

Sasa nifike kwenye karamu.

Nyinyi mnajua jinsi L na R zinavyotusumbua huku. Wabukusu wengi huzibadilisha, L ikakaa kwenye kiti cha R na R kwenye cha L. Sisi tuliotoka kwa wazazi Wakikuyu, kama mimi niliyezaliwa Kitale, hatuhangaiki kuzibadilisha. Tunaitupa L nje kabisa. Kwa kuwa wote tuna shida hiyo, hakuna anayeiona. Mwalimu Wafula, naye ni Mbukusu, jioni moja kabla ya Siku ya Kalamu, aliwaambia watoto wake, "Kesho kila mtu aje na karamu." Watoto wote walimwelewa, maana nyumbani wanasema hivyo hivyo. Wote isipokuwa Salma, msichana mgeni aliyekuja na wazazi wake kutoka Pwani. Baba yake alikuwa askari aliyehamishiwa Kwanza. Salma alikwenda nyumbani akamwambia mama yake kwamba mwalimu anataka karamu.

Kesho yake, watoto wakiwa wamepanga foleni na kalamu zao, Mama Salma alibisha mlango. Alikuwa amejifunga kanga mpya na amebeba hotpoti kubwa jekundu lenye maua, lile bakuli la kufunika linaloweka chakula kikiwa moto. Kijana wake mkubwa alifuata na sahani.

"Hodi, Mwalimu," akasema. "Mwanangu kaniambia leo kuna karamu. Mimi mgeni huku, sizijui desturi zenu. Nimepika pilau kidogo. Kama haitatosha, mniwie radhi."

Darasa lililipuka. Walimu wa madarasa mengine walikuja kuona kulikoni, wakaelezwa, wakajishika mbavu. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Pilau ililiwa chumba cha walimu, na wote walisifu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na nafikiri hilo ndilo lililomuumiza Wafula zaidi, maana angekuwa na adui angejua wa kugombana naye. Tangu siku hiyo aliitwa Mwalimu Karamu. Watoto wa shule jirani walimwita hivyo njiani. Mwenyekiti wa wazazi, kila akimwona, aliuliza, "Mwalimu, leo tunakula nini?"

Mimi nilisikia hadithi hiyo sokoni na nilicheka pia. Niliona uzito wake nilipotembelea darasa la nne majuma kadhaa baadaye. Lilikuwa kimya. Watoto karibu mia, na kimya. Wafula alikuwa akiandika ubaoni, anagonga sentensi kwa fimbo, watoto wanasoma kwa pamoja, anageuka anaandika nyingine. Hakutoa neno. Nilikaa kipindi kizima na sikusikia sauti yake. Mwalimu mkuu aliniambia kwa fahari, "Umeona nidhamu?" Nilimwambia nimeona.

Ijumaa hiyo Wafula alikuja kituoni. Alichukua chai, akakaa pembeni.

"Umeamkaje, Mwalimu?" Madam Nanjala akamwuliza.

"Mgongo tu, Madam."

Madam Nanjala akavuta kiti. Akanyamaza. Mimi nilijifanya napanga vitabu. Ilichukua muda mrefu, mpaka wengine wakaanza kuondoka.

"Mimi muhula ikiisha naenda zangu," Wafula akasema mwishowe. "Naenda Silisia kwa baba mkwe, kurima vitunguu."

"Vitunguu?"

"Kitunguu haicheki mtu, Madam. Saa hii hata bibi yangu akienda soko anaitwa Bibi ya Karamu. Mtoto wangu amepigana shule juu ya hiyo maneno. Mimi nikifungua mdomo naona watoto wanangojea. Hawangojei somo, wananingojea mimi nianguke. Siwezi, bana. Nimechoka."

Alipoondoka, kikombe chake kilibaki kimejaa. Hakuwa ameonja. Nilikitazama nikakumbuka siku ile ya kwanza, nikasema, kwa kutaka kujifariji, "Mwenye kikombe atarudi." Madam Nanjala akatikisa kichwa. "Huyu harudi," akasema. "Huyu lazima afuatwe. Na utamfuata wewe."

"Mimi? Si wewe ndiye umemzoea?"

"Mimi nikimfundisha kutamka ataona namhurumia, maana mimi natamka vizuri. Wewe una ugonjwa wake."

Nilikasirika kidogo. "Ugonjwa gani?"

"Sema: lala salama, Lilian."

"Rara sarama, Ririan," nikasema.

Hapo nikajisikia mwenyewe. Nilikuwa nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini nilikikwepa Kiswahili.

Niliogopa. Sitaki kuwaficha: niliogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wangu wa ualimu. Niliogopa kuchekwa na watoto mia, na niliogopa zaidi kwamba nikiharibu vibaya nitamharibia Wafula kabisa. Nilichukua gunia tupu la mahindi, nikalipasua, nikalipaka uji wa unga wa ngano mpaka likakauka na kuwa gumu, nikaandika juu yake kwa makaa maneno mawili mawili: kalamu, karamu, kula, kura, mahali, mahari. Chati za gunia hazichaniki wala hazihitaji manila, na bado nawashauri mzitumie. Asubuhi nilipokuwa nakamua ng'ombe nilifanya mazoezi ya kusema "kalamu". Ng'ombe hakulalamika, nami nikadhani nimepona.

Nilimwambia Wafula maneno yale yale ya Madam Nanjala. "Leo nafundisha mimi. Wewe keti na watoto, uangalie penye nitaharibu." Alikubali, akaenda nyuma kabisa, akakaa kwenye dawati na magoti yamefika kidevuni. Nilitundika gunia. Watoto walipoona neno la pili, mnong'ono ukapita darasani, na wengi wakageuka kumtazama. Akainamisha kichwa.

"Darasa, tazameni hapa," nikasema, nikionyesha kwa kijiti. "Hii ni karamu. Tunaandikia. Na hii ya pili ni..." Nikavuta pumzi. "...karamu."

Kicheko kilianzia mbele kikafika kwenye kizingiti. Nilijaribu tena. Nilisema "karamu" ya kalamu na "karamu" ya karamu, na kadiri nilivyojaribu kuzitenganisha ndivyo zilivyokumbatiana. Jasho lilinitoka mgongoni. Kijana mmoja mwenye ndevu alikuwa amelala juu ya dawati kwa kucheka. Nilisikia machozi yanakuja, nikafikiria mlango uko upande gani, na dirisha.

"Hapana, Madam."

Ilikuwa sauti ya nyuma. Kicheko kilikatika. Wafula alikuwa amesimama.

"Hapana," akarudia. "Unapiga ulimi. Usipige. Inua, shikanisha nyuma ya meno, halafu uache ikae hapo. Kama mtu anaegemea ukuta."

Nikajaribu. Nikatoa kitu ambacho hakikuwa L wala R.

Alikuja mbele, akipita juu ya miguu ya watoto waliokaa sakafuni. Alisimama karibu nami, akaonyesha mdomo wake kwa kidole ili niuone ulimi. "Laaa," akasema. "Sema laaa. Usiharakishe. Ka. La. Mu."

"Ka... la... mu," nikasema.

"Umeiweza! Watoto, mmesikia Madam? Ameiweza! Haya, kila mtu, tumpigie Madam makofi ya kiro, yale mazito!"

Hapo akasikia alichosema. Niliona uso wake ukibadilika, mikono aliyoinua ikabaki hewani. Salma alikuwa ameketi safu ya mbele. Alisimama, maana alilelewa vizuri na hakuweza kusema na mwalimu akiwa ameketi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "ni kilo."

Nilitamani nimzibe mdomo. Wafula akashusha mikono.

"Ni nini?"

"Kilo."

"Kiro."

"Hapana, Mwalimu. Kilo. Uegemee ukuta."

Mwalimu Wafula alicheka. Hakikuwa kicheko cha kujilazimisha. Alicheka kwa kweli, mpaka akashika gunia langu na likaanguka. Akasema, "Umenikamata, Salma. Njoo hapa mbele, utufundishe mimi na Madam." Tukasimama, mimi na yeye, tumepanga mstari mbele ya darasa, Salma akitusahihisha kwa kijiti changu. Kila tulipoteleza darasa lilipiga kelele, "Umekamatwa!" Kisha Wafula akageuza mchezo: aliyetaka kumkamata mwalimu ilibidi yeye mwenyewe aseme neno sawasawa, na wengi waliokuja mbele kwa vishindo walikamatwa papo hapo. Kengele ililia hakuna aliyetoka. Yule kijana mwenye ndevu alishindwa na "mahali", akasema yeye hana ng'ombe wa mahari bado, na hata mimi nikacheka.

Niliporudi kituoni nilimweleza Madam Nanjala kila kitu. Alisikiliza, akauliza, "Uliharibu?"

"Niliharibu sana."

"Vizuri," akasema, akaendelea kunywa chai yake. Nilimpenda sana mama yule, na sikumwambia vya kutosha.

Mchezo ule ulibaki, wakauita Kamata Ulimi. Wafula aliucheza kila kipindi cha Kiswahili, na sauti yake nilianza kuisikia kabla sijazima pikipiki. Jina la Mwalimu Karamu halikufa, lakini sasa watoto walilisema kama wanavyomtaja mchezaji wa timu yao. Mama Salma naye, alipopata habari kwamba pilau yake ilileta kilio, alikuja shuleni mbio. "Mwalimu, mimi sikujua nakufedhehesha. Wallahi sikujua." Wafula akamwambia jambo ambalo wote tulikuwa hatulijui: siku ile yeye hakuonja hata punje. Alikuwa amejificha nyuma ya ghala walimu wakila. Ijumaa iliyofuata Mama Salma alirudi na lile hotpoti jekundu, akaketi akamtazama mpaka akamaliza sahani. Mumewe alipohamishwa tena mwisho wa mwaka, alimwachia Wafula hotpoti. Wafula hakwenda Sirisia ila kusalimia wakwe, na vitunguu vya Sirisia viliendelea vizuri bila yeye.

Miaka iliyofuata nilihamishiwa Bungoma. Nilibeba chati zangu za gunia na Kamata Ulimi, nikavipeleka shule nyingi. Sehemu nyingi vilipokelewa. Kuna shule moja mwalimu mkuu aliupiga marufuku mchezo ule baada ya watoto kumkamata kwenye gwaride la asubuhi, mbele ya wazazi, akitangaza siku ya kupiga kula. Sikumlaumu, nilimwonea huruma. Nilikwenda kwake, nikanywa chai, nikamwimbia wimbo mmoja wa Madam Nanjala jinsi alivyouimba yeye. Alicheka kidogo. Marufuku hakuiondoa. Si kila kazi inafaulu, na mkisubiri zote zifaulu hamtatoka kitandani.

Madam Nanjala alistaafu kabla yangu, akaishi kwake Bungoma, na nilimtembelea mara nyingi kuliko nilivyohitaji ushauri. Alifariki akiwa na amani. Mazishini walimu walikuwa wengi kuliko jamaa, na mchungaji alipouliza nani ataimba, hakuna aliyethubutu kuimba vizuri. Tuliimba ovyo, kwa makusudi, tukilia.

Muhula uliopita ilikuwa zamu yangu ya kustaafu. Walimu walinifanyia chai ya mwisho kwenye kituo cha Bungoma, na chumba kilijaa mpaka wengine wakasimama nje dirishani. Safari hii dirisha lilitumika kuingilia. Hotuba zilikuwa ndefu, mnazijua. Karibu na mwisho watu walipisha njia mlangoni, akaingia Mwalimu Wafula. Ametoka Ndalu asubuhi, ana mvi sasa, bado anafundisha darasa la nne, na amekataa kila anapotakiwa aliache. Mikononi alibeba hotpoti jekundu. Maua yalikuwa yamefutika karibu yote. Aliliweka mezani mbele yangu.

"Madam Wanjiru," akasema, "nimekuletea karamu."

"Umekamatwa!" Chumba kizima kilipiga kelele, na wale wa dirishani pia. Nusu yao nilikuwa nimewafundisha mchezo huo mimi mwenyewe.

Wafula hakucheka. Aliinua mkono wakanyamaza. "Sijakamatwa," akasema. "Fungua."

Nilifungua, nikitarajia harufu ya pilau. Lilikuwa limejaa kalamu. Kalamu za watoto, za bluu na nyeusi, nyingine hazina vifuniko, nyingi zimetafunwa nyuma kama watoto wa darasa la nne wanavyotafuna. Kwenye kila moja alikuwa amezungushia kipande cha karatasi chenye jina la mtoto. Alisema kila mwaka, Siku ya Kalamu, aliwaomba watoto wake wachache wampe ile kalamu yao ya kwanza wino ukiisha, amwekee mtu fulani. "Hii ni karamu," akasema taratibu, ulimi ukiegemea ukuta kila palipostahili, "ya kalamu."

Nililia. Nilikuwa nimejiahidi sitalia. Kisha nikasimama nimshukuru, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo kwa miaka, mbele ya ng'ombe, mbele ya kioo, mbele ya madarasa yasiyo na idadi. Nilitaka kusema asante kwa kalamu. Nilichosema mnakijua. Chumba kizima kilinikamata, Wafula wa kwanza, halafu wakanipigia makofi ya kiro.